Moto Nilioulaza Kando ya Mto

Nimelaza moto kwa miaka ishirini na miwili, na sijaamka hata siku moja nikaukuta umekufa. Waulize mtaani. Mimi ndiye mwenye lile duka la mkate lenye bomba la moshi la matofali, na wananiita Mama Mkate hata wale wasiojua kama nilizaliwa na jina jingine. Kila jioni, mkate wa mwisho ukishatoka, navuta makaa yote kwenye kona moja ya tanuri, nayarundika, nayafunika kwa majivu unene wa vidole vinne, kisha nayapigapiga juu kwa mgongo wa chepe mpaka yanyooke vizuri. Halafu nasema, "Lala, tuonane saa kumi." Saa kumi alfajiri nikiyafukua, mekundu, yananisubiri. Kiberiti kimoja kwangu kinamaliza mwaka.

Basi mtu akitaka kunifundisha moto, mimi namcheka. Na aliyejitia kunifundisha ni shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa mwisho, askari wa zimamoto. Tunamwita Ndoo, maana hatembei bila ndoo. Siku ya harusi yake mwenyewe aliweka mbili nyuma ya viti vya maharusi, eti mishumaa ilikuwa mingi. Mpole, mtu wa watu, lakini akianza kukueleza jinsi ya kuzima kibatari unaweza kuzeeka umesimama.

Ila si yeye aliyenitoa dukani Jumapili ile ya kwenda mtoni. Alinitoa binti yangu. Nina mtoto mmoja tu, naye ana mtoto mmoja tu, wa kike, miaka mitatu kasoro. Huyo tunamwita Hamira, kwa sababu ukimweka mahali hatulii, anafura na kumwagika nje ya chombo. Miezi minane kabla ya siku hiyo, Hamira aliungua dukani kwangu. Niliweka trei ya moto sakafuni, nikageuka kutoa ya pili, akaishika. Akabaki na kovu mkononi, dogo, ukubwa wa harage. Binti yangu alipofika akaniuliza, "Mama, macho yako yalikuwa wapi?" Nami badala ya kusema nisamehe, nikamjibu, "Yalikuwa kwenye mkate uliokusomesha."

Ulimi hauna mfupa. Tangu siku hiyo mjukuu wangu hakukanyaga tena dukani, na mimi nikienda kwao nilikuwa napewa kiti na chai kama mgeni wa kupita.

Sasa binti yangu alikuwa amepata kazi kwenye kiwanda cha nguo, zamu ya kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Mume wake yuko kazini mbali, anarudi mara moja kwa mwezi. Mtoto abaki na nani? Njia zilikuwa mbili: mimi, niliye mitaa miwili kutoka kwake, au mama mkwe wake, aliye safari ya basi ya mchana kutwa na usiku kucha. Akienda huko, ningemwona mara moja kwa mwaka, tena akijificha nyuma ya gauni la mama yake asinitambue. Nilikuwa silali kwa kuwaza jambo hilo.

Binti yangu si mtu wa kuzungukazunguka. Asubuhi ile, kabla ya kupanda gari la Ndoo, alitia mkoba kwenye buti, akaniambia mbele ya watu, "Mama, humu mna nguo za Hamira za wiki nzima. Jioni tukirudi, ama mkoba huu unashuka kwako, ama unapanda basi. Leo nataka nikuone ukiwa naye karibu na moto."

"Yaani unanipa mtihani?"

"Ndiyo."

"Ukali huu wa mwanangu sijui kautoa wapi," nikasema.

"Jiangalie kwenye kioo, dada," mdogo wangu akajibu kutoka kiti cha mbele.

Tulikwenda mahali pa kupumzikia kando ya mto, wanakokwenda watu wengi wenye watoto. Kuna vyoo, kuna bomba la maji, kuna sehemu ya kuegesha magari, na chini yake mchanga unateremka mpaka majini. Langoni wamepachika ubao: moto uwashwe ndani ya mawe, uzimwe kwa maji. Niliusoma vizuri tu. Nisiseme sikuuona.

Ndoo akashusha ndoo mbili, reki na chepe. Kwanza alisimama akatazama upepo unakotoka. Kisha akachagua pahali mbali na miti na mbali na magari, akakwangua majani makavu pande zote hatua tatu tatu, akapanga mawe duara, akachimba kishimo katikati. Akajaza ndoo zote mbili mtoni, akaziweka karibu. Mwisho akachukua kijiti akachora mstari mchangani kuuzunguka ule moto ambao hata haujawashwa.

"Huu ni mstari wa Hamira," akasema. "Hauvuki."

"Shemeji," nikamwambia, "unawasha moto au unajenga nyumba?"

Wote wakacheka, naye akacheka, maana utani wetu ni wa siku zote. Lakini akaniambia, "Moto wako una kuta, shemeji. Huu hauna. Kuta zake ni sisi."

Nikambetulia mdomo. Maneno ya watu wa semina hayo.

Naomba nijisifu kidogo, kwa sababu baadaye sitapata nafasi. Saa zote zile moto ulipokuwa unawaka, nilimlinda mtoto yule vizuri. Viazi vilichomwa, chai ikachemka, mkate wangu ukakatwa, nami sikushika kisu wala birika. Nilishika pindo la gauni la Hamira. Alipousogelea mstari nilimrudisha. Alipochoka kukaa tulicheza kukimbizana upande wa majini: mimi namwita, "Hamira, njoo hapa!" na yeye anacheka anakimbia mbali, mimi nyuma yake na kilo zangu tisini, mpaka mbavu zikaniuma. Tulicheza hivyo labda mara ishirini. Akalowesha viatu, mama yake akamvua, akaviweka juu ya boneti ya gari vikauke.

Nikamwona binti yangu anatabasamu. Alinipa kikombe cha chai akaniambia, "Pumzika, mama," na lile neno mama lilitoka laini, halikuwa na miiba yake ya miezi minane. Moyo wangu ukafurahi mno. Nilijua nimeshinda. Hapo ndipo pa kuogopa, mtu akishajua ameshinda.

Saa kumi na moja hivi upepo ukageuka. Ndoo akasema, "Haya, tuzime, tufungashe." Akageukia ndoo zake, akazikuta hazina kitu. Mdogo wangu alikuwa ameosha vyombo kwa maji yale.

"Mke wangu! Maji ya moto hayaoshi sahani!"

"Na mto ule pale umekauka?" mdogo wangu akamjibu.

Akachukua ndoo akateremka mtoni, ananung'unika. Mimi nilibaki pale na moto. Upepo ukapuliza, cheche mbili tatu zikaruka, moshi ukaenda moja kwa moja kwa binti yangu aliyekuwa anakung'uta mkeka. Akakohoa. Nami nikaona, ngoja nimsaidie mwanangu, kwani nasubiri nini? Nikachukua chepe.

Sikiliza nilivyofanya, maana ni mtu wa kazi yangu peke yake anayeweza kufanya vile bila kufikiri. Niliyavuta makaa yote katikati. Nikayarundika. Nikayafunika kwa mchanga, unene wa vidole vinne, labda vitano. Nikayaondoa mawe ya Ndoo, nikayapanga pembeni, kwa sababu sipendi kazi chafu. Nikasawazisha mchanga, nikaupigapiga kwa mgongo wa chepe, pa, pa, pa, hadi ukalainika. Ule mstari wa Hamira ulifutika wote chini ya miguu yangu na chepe langu. Ukitazama hungejua kwamba mahali pale paliwahi kuwa na moto.

Ndoo akarudi na maji, anahema. Akasimama.

"Uko wapi?"

"Nimeshazima."

"Kwa maji gani?"

"Shemeji," nikamwambia, na mikono kiunoni, "mimi nimeanza kushika moto wewe hujajua kushika kijiko. Mwaga hayo, au uoge, umetoka jasho."

Binti yangu akacheka kwa sauti. Mdogo wangu akacheka. Ndoo akautazama ule mchanga, akanitazama mimi. Najua alitaka kusema kitu. Lakini mimi ni mkubwa kwao, na nilikuwa nimemcheka mara tatu siku hiyo, na pale pale mke wake akamwita akamsaidie kulifunga buti, halifungi. Akaziweka ndoo chini, akaenda.

"Mama, naenda chooni mara moja," binti yangu akasema. "Mwangalie Hamira."

"Nenda, mwanangu. Nipo."

Nipo! Haki ya nani, nikilikumbuka neno hilo nataka kujizaba kofi.

Hamira alikuwa amekaa kwenye mkeka mdogo, miguu mitupu, ana kikombe chake cha plastiki. Mimi nilipiga magoti kando yake nikaanza kufunga mkate uliobaki. Nilifunga robo tatu ya mkate mmoja kwenye kitambaa, nikakung'uta makombo, nikajifuta mikono kwenye kanga, na kama ninavyosema kila jioni nikishajifuta mikono, nikasema, "Lala, tuonane saa kumi."

Nikajisikia nimesema.

Kwa muda mfupi sikuelewa kwa nini mwili umenisisimka. Nilikaa na kitambaa mkononi. Nikajiuliza, nimemwambia nani? Nani alale? Na jibu likaja lote kwa mpigo: sikuuzima moto ule. Nimeulaza. Uko chini ya mchanga pale, mzima, mwekundu, unangoja alfajiri, na mawe nimeyatoa mwenyewe.

Nikainua macho kumtafuta mtoto. Hayupo kwenye mkeka.

Alikuwa ameshafika mbali, hatua kumi na tano au zaidi, anatembea na kikombe chake kuelekea kule kule. Bila shaka! Mchanga wote ufukoni ulikuwa umevurugwa na miguu ya watu, ila pale palikuwa laini, pamesawazishwa, pazuri kwa mjukuu wa mwoka mkate anayetaka kuoka mikate ya mchanga. Mimi ndiye niliyemtandikia.

Nikafungua mdomo nimwite. "Ha—"

Akageuka. Akaniona. Akacheka, akainua miguu tayari kukimbia.

Nikalimeza jina lake. Mungu wangu, tulicheza mara ishirini: bibi akiita, Hamira anakimbia. Nikiita tena atakimbia, na mbele yake hakuna kitu kingine ila ule mchanga. Nikinyamaza atatembea, lakini atafika vilevile. Nilijiinua bila kutoa sauti. Nikajilazimisha kutabasamu, nadhani lilikuwa tabasamu la kutisha, nikaanza kwenda kwa hatua ndefu, bila kukimbia, kwa sababu nikikimbia naye angekimbia. Ndoo na mke wake walikuwa nyuma ya gari, wanasukumana na buti. Choo kiko juu. Hakuna mwingine karibu.

Hatua kumi. Akaniacha, akageukia mchanga wake. Hatua saba. Akachuchumaa pembeni kabisa, akachota kikombe cha kwanza, akakimwaga. Kisha akasimama, akatazama katikati palipokuwa pazuri zaidi, akainua mguu.

Hapo nikakimbia. Sijui nilikimbiaje. Nilimpiga kikumbo kwa bega, akaruka upande, akaanguka matako chini kwenye mchanga baridi, na mimi nilikuwa siwezi kujizuia tena. Nikaenda kifudifudi na mikono mbele. Viganja vyote viwili vikazama.

Kwanza nilisikia baridi. Watu hawaniamini, lakini nilisikia baridi, sekunde moja. Halafu sikusikia kitu kingine duniani ila mikono yangu.

"Mama! Umemfanya nini?"

Binti yangu alikuwa ametoka chooni. Alichokiona ni mtoto wake chini analia na mimi nimemwangusha. Alikuja mbio, akamnyakua, akamgeuza, akatazama nyayo, mikono, magoti. Mtoto alikuwa na mchubuko wa kiwiko, basi. Ndipo akanitazama mimi. Nilikuwa nimekaa, nimeinua viganja mbele yangu, na ngozi ilikuwa imeanza kufura.

"Baba mdogo!" akapiga ukelele. "Baba mdogo, njoo!"

Ndoo alifika na ndoo mbili. Hakuuliza. Moja akanizamishia mikono humo humo, nyingine akaimwaga pale nilipoangukia, na mchanga ukalia shaaa, mvuke ukapanda mpaka usoni kwetu. Kisha akanishika chini ya makwapa akaniburura hadi kwenye bomba, akalifungua, akaniwekea mikono chini ya maji yanayotiririka. Akatazama saa yake.

"Dakika ishirini. Usitoe."

Mdogo wangu akaja anakimbia na dawa ya meno, chupa ya mafuta ya kupikia kwapani, analia.

"Hakuna kupaka kitu," Ndoo akamwambia. "Maji tu. Rudisha."

Nikakaa pale na maji yanakwenda, meno yananigongana. Binti yangu akamkabidhi Hamira kwa mdogo wangu, akaja. Nilidhani anakuja kwangu. Akapita, akamkabili Ndoo.

"Wewe ndiye mwenye ndoo," akamwambia. Sauti ilikuwa chini na inatetemeka. "Wewe ndiye mwenye mistari na reki na sheria. Umetuhubiria tangu asubuhi. Moto umeachwaje mzima? Mwanangu alikuwa anaweka mguu pale! Mama asingekuwepo ingekuwaje? Niambie, baba mdogo, ingekuwaje?"

Ndoo alinitazama mimi, mara moja tu, halafu akainamisha kichwa akatazama saa yake. "Zimebaki kumi na nne," akasema.

Hakunisema. Miaka yote nimemcheka mtu yule, na hakunisema.

Binti yangu akachuchumaa kando yangu. Akaniwekea paji la uso begani, akalia. Sijamwona akilia tangu akiwa msichana. "Nilikukosea, mama," akasema. "Miezi minane yote nilikukosea. Mkoba unashuka kwako leo. Sitaki kusikia habari ya basi."

Nitasema kweli yangu. Nilinyamaza. Sijui kwa muda gani, labda dakika mbili za zile ishirini. Nilikuwa na kila nilichokitaka pale begani mwangu, na kilichotakiwa ni kufunga mdomo tu, na anayejua ukweli alikuwa ameshaamua kuubeba. Nikamtazama Ndoo. Shati lake lilikuwa limelowa, magoti yana mchanga, na bado anaihesabu saa kwa ajili yangu. Nikaona haya, haya ya kweli, ambayo iliuma kuliko viganja.

"Mwanangu," nikasema. "Baba yako mdogo hana kosa. Ni mimi niliyeufukia moto ule."

Akainua kichwa. "Ulisema umeuzima."

"Sikuuzima. Niliulaza. Kama wa tanuri. Mikono ilifanya yenyewe, mimi nilikuwa nawaza mengine."

"Na mawe?"

"Nimeyatoa mimi. Na mstari nimeufuta mimi."

"Na alipokuuliza maji?"

"Nilimcheka."

Maji yalikuwa yanakwenda tu. "Na mimi nilicheka," akasema mwishowe, akasimama, akafuta uso kwa mkono, akamwendea Ndoo akamwomba msamaha. Kwangu hakurudi.

Hatukuondoka mpaka moto ule umekufa. Ndoo aliufukua kwa reki, na kweli, makaa yalitokea ndani mekundu, mazima, hayakuwa hata na habari kwamba yamemwagiwa ndoo nzima. Akamwaga nyingine, akakoroga, akamwaga tena, akakoroga. Mdogo wangu alibeba maji safari nne. Mimi nilisimama pembeni na mikono imefungwa taulo safi lililoloweshwa maji. Mwisho binti yangu akapiga magoti, akauweka mgongo wa mkono wake juu ya yale matope meusi, akautuliza hapo. Akausogeza, akautuliza tena. Nilikuwa namtazama kama mtu anayesubiri hukumu.

"Umepoa," akasema.

Zahanati ya njiani wakanifunga bandeji viganja vyote viwili mpaka vidole havionekani. Muuguzi akaniuliza kazi yangu, nikamwambia, akatikisa kichwa. "Siku kumi usiguse kitu. Na tanuri, mbali."

Kwenye gari Hamira alilala mapajani kwa mama yake. Mimi nilitazama dirishani nikasema moyoni, basi, ndiyo hivyo, maji yakimwagika hayazoleki. Niliwaza kituo cha mabasi. Niliwaza nitampa mkate gani wa kula njiani, halafu nikakumbuka kwamba sina mikono ya kuuoka, na hapo machozi yakanitoka, wala sikuweza kuyafuta.

Tukafika kwa binti yangu jua linazama. Ndoo akafungua buti. Binti yangu akamlaza mtoto kwenye kiti, akashuka, akauchukua ule mkoba. Nikatazama mbele. Sikutaka kumwona akiingia nao ndani.

Mlango wa upande wangu ukafunguka.

"Kesho nani atakanda?" akaniuliza.

"Hakuna. Nitafunga duka."

"Naanza kazi Jumatatu ijayo. Nina wiki nzima. Kukanda ulinifundisha nikiwa na miaka tisa, sijasahau." Akauhamishia mkoba mkono wa pili. "Nitakanda mimi, tanuri nitalishika mimi. Tutalala kwako, mimi na Hamira."

"Na Hamira mchana atakaa na nani?"

"Na wewe."

Nikamtazama. Sikuwa na uhakika nimesikia sawa.

"Sikiliza, mama. Nikikwambia nimekusamehe nitakuwa nakudanganya, bado nina hasira. Lakini mikono hiyo haishiki chepe, haishiki trei, haishiki mkate. Umebaki na macho tu. Wiki nzima nataka niyaone yako wapi. Tukifika Jumamosi ndipo tutazungumza habari ya basi."

Akanitundikia mkoba begani, kwa kuwa sikuweza kuupokea. "Nachukua nguo zangu," akasema. "Nakuja sasa hivi. Mwangalie."

Akaingia ndani. Mdogo wangu akageuka kutoka kiti cha mbele, anajifuta macho. "Dada, na moto wa tanuri? Ulioulaza asubuhi kabla hatujatoka. Jioni hii nani atautia kuni?"

"Hakuna. Uache ufe," nikasema. "Kesho atawasha kwa kiberiti."

Nilimjibu bila kumgeukia. Hamira alikuwa amejinyoosha usingizini, mguu mmoja unaning'inia nje ya kiti, nami nilikuwa namtazama.